Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wanafunzi wa Fildi katika Taasisi Zetu za Utafiti

Mwezi Julai unapokaribia, ofisi za wahadhiri katika vyuo vikuu vyetu hugeuka masijala. Wanafunzi hupanga foleni kuomba barua za utambulisho, kila mmoja akitafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi. Kwa wiki nane hivi watakuwa wageni wa halmashauri, benki, viwanda, hospitali, mashirika na taasisi za utafiti. Kisha watarudi na daftari lililogongwa mihuri, taarifa ya kurasa ishirini na fomu ya tathmini ya msimamizi, nasi tutawapa alama. Nimeshiriki zoezi hili kama msimamizi wa chuo kwa zaidi ya miaka kumi, kuanzia Kigoma hadi Mtwara, na nimefikia mahali pa kuamini jambo moja: namna taifa linavyowapokea vijana hawa hueleza, kuliko hotuba nyingi za majukwaani, kama taifa hilo lina nia ya kumiliki sayansi yake au limeridhika kuiazima.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumkumbusha mgeni asijisahau. Mimi naisoma pia kwa upande wa mwenyeji, kwa sababu ndiye anayeagizwa kutoa jembe. Mwenyeji asiye na jembe la kumpa mgeni, au anayempa ufagio kisha akamsifu kuwa mkulima hodari, naye ana deni. Nataka kuzungumzia majembe hayo katika eneo ambalo ni nadra kulijadili: vitengo vya huduma za kiufundi katika taasisi za utafiti zilizo mbali na miji mikubwa.

Tanga si pembezoni mwa sayansi

Mwaka 2024 nilipangiwa kuwakagua wanafunzi wa mkoa wa Tanga, wengi wao wa fani ya TEHAMA. Nilishuka basi Mkata, nikashika barabara ya kilometa 54 kwenda Handeni, nikalala Chanika, na kesho yake nikaendelea kilometa 65 nyingine hadi Korogwe. Wenzangu idarani walinionea huruma. Kwao ukaguzi wa fildi ni Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Korogwe ni mahali basi linaposimama abiria wale wanyooshe miguu, na Handeni ni kibao cha barabarani. Orodha yangu ilikuwa na wanafunzi watano kwa wilaya hizo. Orodha ya Dar es Salaam, kwa idara yetu pekee, ilizidi mia moja.

Huruma hiyo inatokana na kutojua historia. Mwaka 1902, mwaka ambao reli kutoka Tanga ilifika Korogwe, Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria. Mlingano, wilayani Muheza, pana kituo cha utafiti kilichojengewa jina na zao la mkonge, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mkonge chotara namba 11648, uliozalishwa na watafiti wa ukanda huu, ndio uliotawala mashamba ya mkonge ya China.

Kisha tuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979. Kupitia kituo chake cha Tanga na maabara yake ya Korogwe, mji huu mdogo wa kando ya Mto Pangani umeingia katika historia ya tiba duniani. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyofanyika Korogwe na Kilifi, Kenya, kwa watoto 894 wenye umri wa miezi 5 hadi 17, yalitangazwa Desemba 2008, yakionesha kwamba chanjo ilipunguza matukio ya malaria kwa asilimia 53 katika kipindi kilichofuatiliwa. Katika awamu ya tatu, iliyoanza mwaka 2009 na kukamilika mwaka 2014, Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoandikisha watoto 15,459. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo hiyo itumike kwa mapana Oktoba 2021, watoto wa Korogwe walikuwa wamekwisha kutoa mchango wao miaka mingi kabla.

Nayaeleza haya kwa sababu nimewasikia wanafunzi wakisema hakuna cha kujifunza wilayani. Kipo. Tatizo ni kwamba hatujawajengea njia ya kukifikia.

Kazi isiyoandikwa kwenye makala ya kisayansi

Utafiti unapochapishwa, tunasoma majina ya watafiti, na ni haki yao. Lakini tufikirie kidogo safari ya tone moja la damu ya mtoto. Lazima liwekewe alama isiyofutika, liingizwe kwenye hifadhidata, lihifadhiwe kwenye friza, mara nyingi kwa ubaridi wa nyuzi 80 chini ya sifuri, na libaki humo kwa miezi au miaka. Umeme ukikatika usiku wa Jumamosi, lazima awepo mtu anayejua jenereta inawashwaje, dizeli iko wapi, na kengele ya friza ikilia inampigia nani simu. Taarifa za mtoto huyo zinaweza kuwa zimechukuliwa kijijini kwa kishikwambi. Lazima zifike kwenye seva zikiwa kamili, zitengenezewe nakala ya akiba, na zilindwe dhidi ya macho yasiyohusika. Kila hatua ina mtu nyuma yake: fundi wa mitambo, fundi wa kompyuta, mtunza data, dereva.

Watu hawa wakifanya kazi vizuri hakuna anayewaona. Wakikosea mara moja, utafiti wa miaka mitano unaweza kuharibika. Ndiyo maana nasema kitengo cha huduma za kiufundi katika taasisi ya utafiti ni darasa ambalo chuo kikuu hakiwezi kulijenga. Maabara yetu ya kompyuta chuoni haina friza inayolia usiku, na kosa la mwanafunzi humo humgharimu alama zake mwenyewe tu.

Vishikwambi vilivyorudi kutoka Handeni

Katika kituo kimoja cha utafiti nilichokifikia katika safari ile nilimkuta mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti wa miaka ishirini na miwili, amepangiwa kitengo cha huduma za kiufundi. Kitengo ni neno kubwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye kiyoyozi kilichochoka, kabati la seva, meza mbili, na fundi sanifu mmoja wa makamo mwenye stashahada na uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini. Binti alinisalimu shikamoo, akanipa kiti, kisha akamwachia mzee wake nafasi ya kuzungumza, kama adabu inavyotaka.

“Dokta,” alisema yule fundi, “mimi siku mbili nilimwacha azunguke, ajue choo kiko wapi na nani ana ufunguo gani. Siku ya tatu nikampa vile vishikwambi vilivyorudi kutoka Handeni.”

Vishikwambi hivyo vilikuwa na kisa. Vijana waliokuwa wakidodosa kaya katika vijiji kadhaa vya Handeni walirudisha data ambayo baadhi ya tarehe zake hazikuwezekana. Mtoto alionekana kutembelewa kabla hajazaliwa. Mama alionekana kuhojiwa miaka kadhaa kabla mradi haujaanza. Walioiona data hiyo mezani walifikia hitimisho la haraka kwamba wadodosaji hawakwenda kijijini, walikaa chini ya mwembe wakajaza majibu wenyewe. Kijana mmoja wa Handeni, aliyekuwa na kumbukumbu nyingi zenye kasoro kuliko wenzake, alikuwa mbioni kuondolewa kazini.

Binti huyu aliambiwa tu avisafishe vishikwambi na kuweka programu mpya. Kabla ya kuvifuta akaomba ruhusa ya kuvichunguza. Aliona kwamba kumbukumbu zenye tarehe mbovu hazikutawanyika ovyo. Zilikuja kwa mafungu, na kila fungu lilianza asubuhi baada ya kishikwambi kuzimika kabisa kwa kuishiwa chaji. Alichukua vishikwambi sita vya zamani, akaviacha vikaisha chaji hadi vikafa, akavikalisha siku mbili, akavichaji na kuviwasha pasipo laini ya simu wala intaneti. Vinne kati ya sita viliamka na tarehe ya zamani. Mjini kosa hilo lisingeonekana, kwa sababu kishikwambi kikikamata mtandao hujirekebisha chenyewe. Katika kijiji ambacho mtandao hupatikana kwa kupanda kichuguu, saa hubaki na uongo wake kutwa nzima, na kila anachoandika mdodosaji hupigwa muhuri wa uongo huo.

Yule kijana wa Handeni alikuwa na kumbukumbu mbovu nyingi kuliko wenzake kwa sababu alipewa vijiji vya mbali zaidi visivyo na umeme. Kwa maneno mengine, alitiliwa shaka kwa sababu alifanya kazi ngumu kuliko wote.

Binti akaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: kabla ya kutoka, hakiki tarehe, chaji isishuke chini ya robo, ukianza kaya mpya, andika tarehe pia kwenye daftari la karatasi, ukikuta saa imerudi nyuma, usijaze, piga simu. Fundi aliukagua, akaongeza mstari mmoja, wakaubandika ukutani na kuugawa kwa wadodosaji. Data iliyokuwa itupwe ilirekebishwa kwa kulinganishwa na madaftari. Kijana wa Handeni akabaki na kazi yake.

Nilikaa kituoni pale siku nzima, na sikuona muujiza wowote. Nilichokiona ni mwenyeji aliyekuwa na jembe halisi, mgeni aliyepewa muda wa kulishika, na mtu mwenye uzoefu aliyesimama karibu bila kumnyang’anya.

Wiki moja baadaye, katika mkoa mwingine na ofisi ambayo sitaitaja, nilimkuta mwanafunzi wa darasa lilelile, kijana mwenye akili kabisa. Wiki ya sita ilikuwa ikielekea ukingoni na kazi zake zilikuwa tatu: kutoa nakala, kubadilisha wino wa printa, na kwenda kununua vocha. Daftari lake lilisema alishiriki katika “usimamizi wa miundombinu ya TEHAMA”. Msimamizi wake alimpa alama 95 kwa mia, akaniambia kwa furaha kwamba kijana ana nidhamu sana. Yule binti wa vishikwambi alipewa 81 na fundi wake, mtu mchoyo wa alama kama walivyo mafundi wote wa kweli. Fomu ya chuo ina vipengele vya mahudhurio, mavazi, ushirikiano na ari ya kazi. Hakuna kipengele kinachouliza: je, mwanafunzi huyu alitatua nini?

Ramani ya mashangazi

Nilimuuliza binti kwa nini wenzake hawakuomba kituo kile. Akanifungulia ukurasa wa nyuma wa daftari, penye hesabu zake za siri.

Chumba Manundu ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na ingawa angekaa miezi miwili, mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu: 120,000. Chakula, kwa kujibana, 5,000 kwa siku, siku 56: 280,000. Bodaboda ya kwenda na kurudi 2,000 kwa siku 40 za kazi: 80,000. Nauli za basi na vitu vidogovidogo: 50,000. Jumla 530,000. Kituo hakikuwa na fungu la kumlipa hata nauli. Baba yake ni mkulima wa mpunga. Ilibidi magunia yauzwe mapema, kabla bei haijapanda, ili binti akajifunze kazi kwa kuifanyia taasisi ya umma kazi bila malipo.

Wenzake wawili walikuwa wameomba kituo hichohicho na kukubaliwa. Walipopiga hesabu kama hii wakaenda Dar es Salaam, mmoja kwa mjomba Mbagala, mwingine kwa shangazi Kimara. Huko walipata nafasi katika ofisi zenye wanafunzi kumi na wawili kwa kompyuta nne. Ndipo nilipoelewa orodha yangu ya watu watano. Ramani ya fildi nchini haifuati mahali penye kazi wala mahali penye walimu wa kazi. Ni ramani ya mashangazi. Mwenye ndugu mjini huenda mjini, na asiye na ndugu huomba nafasi karibu na kijiji chao, hata kama ni ofisi isiyo na kompyuta. Kwa mabinti mzigo huongezeka, maana mzazi huuliza kwanza usalama wa nyumba atakayolala mwanawe, na ana haki ya kuuliza.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina kipengele cha mafunzo kwa vitendo, na hilo ni jambo jema. Lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika wa mkopo, na mkopo, kwa jina lake, ni deni la mwanafunzi. Tunachofanya ni kumkopesha kijana fedha ili akaitumikie ofisi ya Serikali, kisha tunamdai.

Mradi ukiisha

Kuna upande wa kisiasa wa suala hili, na wanaharakati wanaosoma blogu hii wasiupuuze. Sehemu kubwa ya utafiti wa afya nchini hutegemea miradi yenye fedha za nje. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusitisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. Katika miezi iliyofuata mikataba mingi ya USAID ilivunjwa. Nchi nzima tulishuhudia watu wenye ujuzi wakirudi nyumbani kwa taarifa ya siku chache.

Tukio hili lilitufundisha kwa ukatili jambo tulilolijua. Mradi ukiisha, magari hubaki yakioza juu ya matofali, na kompyuta hubaki zikiomba neno la siri ambalo aliyelijua ameshaondoka. Ujuzi wa kuendesha mitambo hukaa kichwani mwa mtu, na mtu akiondoka huondoka nao. Katika kituo nilichokisimulia, mwenye ajira ya kudumu katika kitengo cha kiufundi alikuwa mmoja tu, na anakaribia kustaafu. Yeye ndiye anayejua kwa nini waya fulani haupaswi kuguswa na kwa nini jenereta ya pili haiwashwi kabla ya ile ya kwanza kupoa. Hayo hayajaandikwa popote. Mwanafunzi wa fildi ndiye mwanagenzi pekee ambaye fundi huyo hupata, na humpata kwa wiki nane kwa mwaka, ikiwa magunia ya mpunga ya mtu fulani yatauzika.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo la elimu iliyotengana na kazi alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi, likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake na baadaye ukaachwa. Hata hivyo, ulikuwa na wazo ambalo fildi ya leo imelipoteza: kwamba kazi ni sehemu ya elimu na taifa zima lina wajibu nayo. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imerejesha heshima ya mkondo wa amali katika sekondari. Itakuwa ajabu tukimfundisha mtoto wa sekondari kutumia mikono, kisha akifika chuo kikuu tumpeleke kununua vocha.

Hoja za wenye ofisi

Watumishi wa umma wana hoja, na nimezisikia mara nyingi. Ya kwanza: “Daktari, sisi wenyewe tumezidiwa. Mwanafunzi ni mzigo.” Ni kweli kwa wiki ya kwanza. Lakini ofisi iliyozidiwa ndiyo yenye kazi za kugawa. Ofisi isiyoweza kutaja kazi moja ambayo mwanafunzi angeifanya kwa wiki nane huenda haijazidiwa. Huenda haijui kazi zake.

Ya pili ni nzito zaidi: usiri. Nitampaje mwanafunzi njia ya kuingia kwenye mfumo wenye taarifa za wagonjwa? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na taasisi inawajibika kwazo. Naiheshimu hoja hii. Lakini angalia nilichokiona. Katika kituo cha utafiti, binti alisaini kiapo cha usiri siku ya kwanza, akapewa akaunti yake mwenyewe yenye mipaka, na kumbukumbu alizozichunguza zilikuwa na namba badala ya majina. Katika ile ofisi nyingine, ambako kijana hakuaminiwa kufanya lolote la maana, bosi alikuwa amempa neno lake la siri tangu wiki ya kwanza, kwa sababu alichoka kuandika barua pepe mwenyewe. Usiri hulindwa na utaratibu, na utaratibu ni kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi wa TEHAMA anapaswa kufundishwa.

Ya tatu hutoka kwa wanaharakati: je, kusifu kazi ya wanafunzi hakuhalalishi kazi isiyolipwa? Hatari hiyo ipo. Mwongozo wa Taifa wa mwaka 2017 kuhusu utarajali ulilenga wahitimu. Mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni amebaki katikati: si mfanyakazi, si mhitimu, na si darasani. Kazi yenye mafunzo ndani yake inaweza kutetewa kuwa elimu. Kazi isiyo na mafunzo ni utumishi wa bure, hata ikigongwa mihuri mingi kiasi gani. Na hata ile yenye mafunzo haipaswi kumgharimu mwanafunzi nauli na kodi ya nyumba.

Tunaloweza kufanya

Sipendekezi tume wala mkakati wa miaka kumi. Yapo mambo manne yanayowezekana katika mwaka mmoja wa fedha.

Kwanza, barua ya kumkubali mwanafunzi itaje jembe. Taasisi iandike sentensi mbili: tatizo gani mwanafunzi atashughulikia, na nani atakayesimama karibu naye. Chuo kisimpeleke mwanafunzi mahali ambapo sentensi hizo mbili hazikupatikana.

Pili, waajiri nchini hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo kuanzia Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Jina la tozo hiyo linajieleza. Sehemu yake itengwe kulipia makazi na chakula cha wanafunzi wanaokwenda kufanya fildi za kiufundi katika wilaya zilizo nje ya miji mikubwa. Laki tano kwa mwanafunzi ni gharama ndogo kuliko semina ya siku moja hotelini.

Tatu, kila mradi wa utafiti unaokuja kukusanya data vijijini uwe na fungu la kulea wanagenzi wa kiufundi. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti kwa watafiti kutoka nje. Sharti moja linaweza kuongezwa: anayechukua data Handeni aache fundi Handeni.

Nne, sisi wahadhiri tubadilishe fomu. Tuondoe alama za mavazi, tuweke swali la tatizo lililotatuliwa na ushahidi wake. Ukaguzi wa saa moja unaoishia kwenye soda na saini uwe ukaguzi wa siku nzima, na vyuo vikubali gharama yake.

Yule binti yuko mwaka wa tatu sasa, anamalizia mitihani ya mwisho. Ameshafungua akaunti katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, kama walivyofanya vijana wengine wengi mno. Hakuna nafasi iliyotangazwa katika kitengo kile cha kiufundi, ingawa fundi wake anastaafu mwakani. Ukurasa wake bado umebandikwa ukutani, na fundi ananiambia wadodosaji wapya husomeshwa huo kabla hawajakabidhiwa vishikwambi.

Fundi alinipigia simu wiki iliyopita. Baada ya salamu aliniuliza: “Dokta, Julai hii mnaniletea nani?” Orodha ya mwaka huu ninayo mezani. Korogwe haina hata jina moja, na Handeni ina moja, kijana ambaye kwao ni hapohapo Chanika. Nimemwambia fundi asubiri kidogo. Wanafunzi wangu mnaosoma hapa, dirisha la kubadilisha vituo liko wazi hadi mwisho wa mwezi huu. Mkuu wa idara na mimi tumeandika kuomba fedha za makazi kwa watakaokubali kwenda. Majibu bado hayajatoka. Wenye kuguswa na jambo hili katika wizara na halmashauri, barua yetu iko kwenye majalada yenu.